Njia Ambayo Chiriku Hakuipita

Watoto walimwita Mwalimu Hatua, naye alijua, na jina hilo hakulichukia. Ukimpelekea jibu sahihi bila kuonyesha ulivyolifikia, alikuchorea yai kubwa jekundu, yaani sifuri, pembeni mwa ukurasa, kisha akakuuliza mbele ya darasa zima, "Hatua zako ziko wapi? Umeziacha nyumbani?" Ukimpelekea jibu la ovyo kabisa, lakini mistari imepangika mmoja chini ya mwingine na alama za usawa zimenyooka, ulipata nusu ya alama na neno la kutiwa moyo juu yake. Wazazi wengine walinung'unika. Aliwajibu kwamba jibu tupu hata kasuku anaweza kulisema, na yeye hakuajiriwa kufundisha kasuku.

Msimuone mkaidi bure. Alipokuwa mtoto, yeye mwenyewe hesabu zilimpiga chenga, tena chenga za mwili mzima. Baba yake, fundi cherehani, alikuwa akiwaambia wageni kwamba binti yake ana moyo mzuri, na kila mtu mzima anajua maana yake mtoto anaposifiwa moyo wakati kilichoulizwa ni akili. Aliyemwokoa ni dada yake mkubwa. Dada alimkalisha jikoni kila jioni, akamkatia hesabu vipande vidogo vidogo, akamwambia hakuna hesabu ngumu duniani, kuna hesabu ndefu tu. Kipande kwa kipande akapanda, akamaliza shule, akaenda chuo cha ualimu, akashika chaki. Kwa hiyo hatua kwake hazikuwa mapambo ya daftari. Zilikuwa kamba iliyomtoa kisimani, na alitaka kila mtoto aishike.

Ndipo Chiriku alipoingia darasa la sita.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa kejeli, maana chiriku ni ndege wa kelele na huyu binti hakuwa na kelele hata ya kukohoa. Alikuwa mwembamba, sketi yake imekunjwa kiunoni mara mbili ili isidondoke, na alikuwa na tabia ya kutazama dirisha muda wote kana kwamba ubao uko huko nje. Aliishi na bibi yake mzaa mama. Kwenye mazoezi yake ya hesabu, mahali ambapo wenzake walijaza nusu ukurasa, yeye aliandika namba moja. Namba hiyo ilikuwa sahihi, na chini yake hapakuwa na kitu.

Mwalimu Hatua akachora yai. Kesho yake akachora jingine. Wiki ya tatu akafikia uamuzi ambao mwalimu yeyote angeufikia: mtoto anaibia. Akamhamisha kutoka ubavuni mwa mtoto wa mwenye duka, mvulana aliyekuwa akipata alama nzuri siku zote, akamkalisha peke yake pembeni ya kabati la vitabu. Majibu ya Chiriku yakaendelea kuwa sahihi vilevile. Aliyeporomoka ni mtoto wa mwenye duka. Mwalimu alilitazama jambo hilo siku mbili tatu, akajikuna kichwa, na kwa kuwa ni mtu mwenye haki, akamwita mvulana pembeni wakamalizana.

Lakini mayai hakuyafuta. Sheria ni sheria, na mwisho wa muhula Chiriku akawa wa tatu kutoka mkiani. Bibi akaitwa shuleni. Alifika na kapu lake mkononi, akakataa kiti cha mbao kwa sababu ya mgongo, akasimama akiegemea mlango wa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, bibi," mwalimu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, kafanya nini?"

"Hajafanya. Hiyo ndiyo shida. Anaandika jibu, haandiki kazi. Akiendelea hivi, mtihani wa mwisho wa mwaka atafeli, atarudia darasa."

Bibi akashusha kapu sakafuni. "Mwalimu, nisikufiche. Shangazi yake ana saluni. Amenitumia salamu mara mbili, anataka mtu wa kumsaidia kusuka. Nimemwambia mtoto anasoma. Lakini akirudia darasa sitakuwa na neno la kumwambia tena. Nami sizidi kuwa kijana. Akifeli, atakwenda kusuka."

Alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma mwalimu. Kusuka si kazi mbaya, yeye mwenyewe alisukwa kila mwisho wa mwezi na aliyemsuka alikuwa na mikono ya dhahabu. Ila aliona wazi kwamba mtoto anatoka shuleni, na kinachomfungulia mlango ni kalamu nyekundu ya mwalimu mwenyewe.

Wakati huohuo mwalimu wa michezo akaja na tatizo lake. Mashindano ya mpira ya shule za jirani yalikuwa na timu thelathini na saba, anayefungwa anatoka moja kwa moja, na yeye alitaka kujua jumla ya mechi ili apange waamuzi. Mwalimu Hatua akaona hesabu ya kweli, si ya kwenye kitabu, akaipeleka darasani. Watoto wakazama. Thelathini na saba ni mechi kumi na nane na timu moja inasubiri, zinabaki kumi na tisa, kisha mechi tisa na moja inasubiri, na kadhalika. Kulikuwa na kufuta, kulikuwa na kugombania kifutio. Kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali ubaoni, Chiriku alikuwa ameshaweka kalamu chini na kurudi dirishani kwake. Kwenye daftari palikuwa pameandikwa 36.

Mwalimu aliinua kalamu achore yai. Mkono ukasita. Swali hili halikuwamo kwenye kitabu chochote, yeye mwenyewe alikuwa amelikokotoa asubuhi ile nyuma ya bahasha, na bahasha ilikuwa mkobani. Hapakuwa na mtu wa kuibiwa.

Kengele ya mapumziko ilipolia akamzuia. Darasa likabaki tupu, na vumbi la chaki lilikuwa bado linaelea.

"Umejuaje?"

Chiriku akatazama viatu vyake.

"Sikugombezi, mwanangu. Nauliza kwa sababu sijui."

Labda ni lile neno sijui. Mtoto akainua macho. "Mwalimu, mwisho wa mashindano, timu ngapi zinakuwa zimekwenda nyumbani?"

"Zote isipokuwa bingwa. Thelathini na sita."

"Kila mechi inapeleka moja nyumbani," Chiriku alisema.

Mwalimu alisubiri aendelee. Hakuendelea, maana ilikuwa imekwisha. Na hapo, akiwa amesimama kati ya madawati, ikamfikia. Hakuna haja ya kugawanya. Hakuna haja ya kujua nani anasubiri raundi gani. Timu zingekuwa elfu moja, mechi zingekuwa mia tisa tisini na tisa. Mwili ulimsisimka kuanzia shingoni hadi kwenye vidole. Amefundisha miaka mingi, amesahihisha madaftari yanayoweza kujaza nyumba, na hakuwahi kuona hesabu ikifunguka namna ile, yote kwa pamoja. Akajikuta ameketi kwenye dawati la mwanafunzi bila kukusudia.

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo?"

"Ulisema tuandike hatua."

"Ndiyo."

"Mimi sikupita kwenye hatua." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini imenyooka. "Nikiandika kumi na nane, halafu tisa, halafu tano, nitakuwa nasema nimepita huko, na sikupita. Ni uongo. Bibi amesema nisiseme uongo hata wa kidogo."

Kuna watu wangecheka. Mwalimu Hatua hakucheka. Alikumbuka mayai yote, muhula mzima wa mayai, na mtoto huyu akiyapokea kimya moja baada ya jingine, akiwa na uwezo wa kuyakwepa kwa kunakili mistari mitatu ya uongo ambayo darasa zima lilikuwa likiiandika bila kupepesa jicho. Alikuwa amekubali kuwa wa tatu kutoka mkiani kuliko kusema amepita mahali ambapo hakupita. Mwalimu alijua watu wazima wengi wenye heshima zao, na hakumjua hata mmoja ambaye angeweza hilo. Akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Umesema kweli, usiandike njia usiyopita. Usiandike hatua zangu. Andika hayo uliyoniambia sasa hivi. Ulichokiona."

"Kwa maneno?"

"Kwa maneno, kwa picha, kwa chochote. Ila usiniachie namba peke yake, maana namba hainifikishi. Wewe umeshafika, mimi bado niko njiani, na sina macho yako."

Wakapatana hivyo. Kila jioni baada ya vipindi, zamu ya usafi ilipokuwa ikifagia na kumwaga maji sakafuni, wawili hao waliketi pembeni ya kabati la vitabu. Mwalimu alidhani itakuwa kazi rahisi. Loo, maji yalizidi unga. Kuona kwa Chiriku kulikuwa kwa kufumba na kufumbua, lakini kusema alichokiona kulimtoa jasho. Siku ya kwanza alikaa na kalamu mpaka wafagiaji wakaondoka, akaandika sentensi moja, akaifuta. Hakuwahi kujitazama akifikiri. Ni sawa na kumwambia mtu aeleze anavyomeza mate. Mwalimu akajifunza kumwuliza maswali madogo: ulitazama nini kwanza? Uliacha nini? Ni kitu gani hapa hakibadiliki? Swali hilo la mwisho ndilo lililomfungua. Chiriku alitabasamu kwa mara ya kwanza mbele ya mwalimu, akasema, "Huwa nakitafuta hicho."

Baada ya hapo mwalimu alianza kumtafutia maswali magumu, na yalipoisha kwenye vitabu vya darasa la sita akaenda kwenye vya sekondari, na huko akaanza kupata taabu yeye. Nyumbani, meza ya kulia chakula ilijaa karatasi. Mumewe, fundi wa redio, mtu wa utani, alizisukuma pembeni apate mahali pa sahani.

"Mke wangu, hebu nieleze, anayesoma darasa la sita ni nani, ni huyo mtoto au ni wewe?"

"Kula."

"Nakula. Nauliza tu kama mwezi ujao ninunue sare moja au mbili."

Alicheka naye, lakini usiku akilala aliwaza. Mara nyingine Chiriku alitoa jibu, na mwalimu alihitaji siku mbili, kalamu na ukimya kulifikia. Kwanza alihofia kwamba ataaibika. Kisha hofu ikamtoka, ikabaki namna fulani ya furaha ambayo hakuijua, kama ya mtu aliyeamka akakuta nyumba yake ina chumba asichokijua. Hakuwa na wivu. Alishangaa tu, tena na tena, kwamba kitu hicho kimekaa pembeni ya kabati lake mwaka mzima kimevaa sketi iliyokunjwa mara mbili.

Mtihani ukafika. Ulikuwa wa pamoja wa shule za jirani, maswali kumi, kila swali alama kumi. Anayepata hamsini anavuka, asiyepata anarudia. Karatasi ziliandikwa namba badala ya majina, na walimu wa hesabu wa shule zote wakakusanyika kwenye darasa moja kuzisahihisha. Walizunguka meza ndefu iliyoungwa kwa madawati, kila mmoja na maswali yake mawili, na karatasi ikitoka kwa huyu inakwenda kwa yule. Msimamizi alikuwa mzee wa taaluma waliyemwita Mizani, mtu wa miwani mbili, moja machoni na nyingine mfukoni. Ndiye aliyeandika mwongozo wa kusahihisha. Hatua alama nane, jibu alama mbili. Na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba mwalimu hamsemei mtoto wa shule yake. Anayeutambua mwandiko, na aumeze.

Mwalimu Hatua aliutambua kabla karatasi haijamfikia. Herufi ndogo zilizobanana, zimejaa ukurasa mpaka pembeni. Alifurahi, ameandika. Kisha akaifungua, akahesabu maswali. Maswali sita yalikuwa na maelezo marefu. Manne yalikuwa matupu kabisa. Maswali yake yeye mawili yalikuwa miongoni mwa hayo matupu. Chiriku alikuwa ameishiwa na muda. Kuona kulimchukua sekunde, kusema kweli juu ya alichokiona kulimla saa nzima, na aliyemfundisha kusema ni yeye. Na kati ya yale sita yaliyojibiwa, matano yaliyokwisha kusahihishwa yalikuwa yamebeba alama mbili mbili tu, maana walimu wengine walikuwa wamefuata mwongozo, na mwongozo haukuzijua njia hizo. Aliweka sifuri zake mbili, akaisukuma karatasi mbele. Alijumlisha kichwani. Kumi, na la mwisho likipata mbili, kumi na mbili. Aliiona saluni ya shangazi, na kiti cha plastiki, na mtoto akitazama dirisha.

Karatasi ikafika kwa Mizani, kwenye swali la kumi. Lilikuwa swali la ndoo mbili, moja ina lita kumi za rangi nyeupe na nyingine lita kumi za nyekundu. Lita moja ya nyeupe inamiminwa kwenye nyekundu, inakorogwa, kisha lita moja ya mchanganyiko inarudishwa kwenye nyeupe. Je, nyekundu iliyomo kwenye ndoo nyeupe ni nyingi kuliko nyeupe iliyomo kwenye ndoo nyekundu, ni kidogo, au ni sawa? Mwongozo ulijibu kwa sehemu za kumi na moja, mistari tisa.

Mizani akasoma, akaguna. "Huyu hakukokotoa chochote. Amebahatisha 'ni sawa' kisha anahubiri."

"Anahubiri nini?" aliuliza kijana mmoja wa shule ya mbali, mwalimu mpya, aliyekuwa amechoka na kutafuta sababu ya kunyoosha mgongo.

Mizani akasoma kwa sauti. "'Mwishoni kila ndoo ina kiasi kilekile cha mwanzo. Kama kwenye ndoo nyeupe kuna nyekundu, imekaa mahali pa nyeupe iliyotoka. Na nyeupe iliyotoka haiko kwingine ila kwenye ndoo nyekundu. Kwa hiyo ni sawa. Hata asiyekoroga vizuri atapata sawa.'" Akavua miwani. "Asiyekoroga! Bila kukoroga hizo sehemu za kumi na moja utazipata wapi? Haiwezekani."

"Lakini..." kijana alisema, akaanza kuhesabu kwa vidole.

Mwalimu Hatua aliuma mdomo. Angeweza kuwaeleza kwa sentensi mbili, na sharti lilikuwa sharti.

Kijana akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na maboksi mawili ya chaki. Akahesabu chaki kumi nyeupe kwenye boksi moja na kumi za rangi kwenye jingine. Akatoa nyeupe tatu, akazitia kwenye za rangi, akatikisa. Akamgeukia aliyekuwa karibu naye, ambaye bahati ilitaka awe Mwalimu Hatua. "Fumba macho, mama. Toa tatu zozote uzirudishe."

Alifumba. Vidole vyake vilipapasa chaki. Akatoa tatu, akazitia kwenye boksi la nyeupe. Wakahesabu. Za rangi kwenye boksi la nyeupe zilikuwa mbili. Nyeupe zilizobaki kwenye boksi la rangi zilikuwa mbili.

"Bahati," Mizani alisema.

Wakarudia kwa tano. Zikawa sawa. Wakarudia kwa saba, mara hii Mizani mwenyewe kafumba macho, kwa sababu hakuwaamini. Zikawa sawa. Mwalimu mwingine akasema tusitikise, tuone. Wakatia nne nyeupe juu ya za rangi, na bila kutikisa wakazitoa zilezile nne za juu. Kwenye boksi la nyeupe hapakuwa na ya rangi hata moja, na kwenye la rangi hapakuwa na nyeupe. Mizani aliyatazama maboksi yote mawili.

"Sifuri na sifuri," alisema taratibu. "Ni sawa."

Kufikia hapo walimu wote walikuwa wamesimama, wamezunguka maboksi ya chaki, mikono ina vumbi la rangi, watu wazima wenye watoto wao na wajukuu wao, wanasukumana wapate zamu ya kufumba macho. Mmoja aliona ghafla, akashika kichwa kwa mikono miwili, na wenzake wakajua ameona. Kisha mwingine. Mizani alikuwa wa mwisho. Aliketi, akachukua ile karatasi, akaisoma upya polepole, midomo ikicheza kama mtoto anayeanza kusoma. Alipomaliza hakuiweka chini.

"Mwongozo huu niliuandika mimi," alisema. "Niliandika njia ninayoijua. Hii sikuijua." Akaigeuza karatasi. "Nimefundisha swali hili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sikujua kwamba kukoroga hakuna kazi yoyote."

Akaomba kila mwalimu aliyesahihisha mojawapo ya yale sita arudie kusoma, si kwa mwongozo bali kwa akili yake. Karatasi ikazunguka meza mara ya pili, safari hii hakuna aliyeharakisha. Mwalimu Hatua aliitazama ikienda mkono kwa mkono, na nyuso zikibadilika juu yake. Ilirudi ikiwa na kumi sita na sifuri nne. Mizani akajumlisha, akaandika sitini, akauliza bila kumtazama mtu, "Huyu ni wa nani?" Hapo ndipo Mwalimu Hatua aliporuhusiwa kuzungumza. Akainua mkono tu.

Kesho yake asubuhi alimkuta Chiriku darasani mapema, anafuta ubao. Alimwambia amevuka. Mtoto aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufuta pembe ya juu ambayo hakuifikia vizuri.

"Yale manne," mwalimu alisema. "Yalikushinda?"

"Hapana. Niliyaona."

"Uliyaona? Sasa kwa nini hukuandika hata majibu? Majibu yana alama mbili mbili."

"Tulipatana nisiache namba peke yake," Chiriku alisema. "Na muda uliisha."

Mwalimu akashika ukingo wa meza. Alama nane zilikuwa pale za kuokotwa, mtoto alizijua, saluni inamsubiri, na aliziacha chini kwa sababu ya maneno yaliyosemwa jioni moja pembeni ya kabati. Hakujua kama anataka kumkumbatia au kumwomba msamaha. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mwalimu," Chiriku alisema, "naweza kuyaandika sasa? Si kwa ajili ya alama."

Mwalimu akafungua boksi la chaki, akampa moja. Kisha akaenda akaketi dawati la mbele, magoti yakagonga mbao, akakunja mikono. Chiriku akaanza kuandika kuanzia juu kabisa, amesimama kwa vidole vya miguu. Aliandika, akasimama, akatazama dirisha, akafuta neno, akaandika jingine. Sehemu nyingine mwalimu alimfuata. Sehemu nyingine alipotea, akainua mkono, na mtoto akamrudia mpaka akafika.

Bibi aliwakuta hivyo. Alikuwa amekuja kusikia matokeo ya mtihani, kapu mkononi, na alipochungulia akaona mjukuu wake kasimama ubaoni mbele ya mwalimu na darasa limebaki tupu, akadhani amejua la kujua.

"Kafeli," alisema kwa upole. "Umempa adhabu."

"Hapana, bibi," mwalimu alisema bila kutoa macho ubaoni. "Amevuka. Karibu ukae. Ananifundisha."

Bibi akatazama mmoja, akatazama mwingine. Akaingia, akaweka kapu sakafuni, akaketi taratibu kwa sababu ya mgongo, kwenye dawati la nyuma ya mwalimu, naye akatazama ubao.